Mwimbaji Aliyetoka Nyuma ya Ngoma

Ukiiacha Bujumbura na kushika barabara kuu namba 3 kuelekea kusini, Ziwa Tanganyika linakaa mkono wa kulia karibu safari nzima. Unaupita mji wa Rumonge na bandari yake, michikichi inazidi kusongamana, kisha unajitokeza msitu wa Kigwena, kipande cha msitu wa nchi ya chini kilichosalia kati ya mashamba na ziwa. Hapa ni kwa wavuvi na wakamuaji wa mawese. Kirundi na Kiswahili huchanganyika katika sentensi moja, Kifaransa nacho huchungulia hapa na pale, na muziki unaingia kutoka kila upande: Kongo iko ng'ambo ya maji, Kigoma iko kusini kwenye ufuo huu huu, na Bujumbura iko nyuma yako.

Watoto wa ufuo huu hawangoji kununuliwa ngoma. Kidumu cha mafuta kikishamaliza kazi yake hugeuzwa kitako juu, na tayari kina sauti mbili: nzito katikati, kali pembeni. Kopo la maziwa ya unga huwa la tatu. Vijiti huokotwa popote. Na anayepiga ndiye huyo huyo anayeimba, kwa kuwa hakuna wa kumsaidia na wala haoni kwa nini asaidiwe. Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Lakini ngoma ya mtoto mmoja wa Bujumbura imekesha kwa miaka zaidi ya 40.

Jina lake ni Jean-Pierre Nimbona, aliyezaliwa mwaka 1974. Afrika Mashariki inamjua kama Kidum, au kwa kirefu Kidum Kibido, jina ambalo sikio la Mswahili haliwezi kulisikia bila kukumbuka kidumu. Ni mwimbaji anayependwa kuanzia Rumonge mpaka Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam. Harusi nyingi za ukanda huu zimefungwa kwa sauti yake, ile yenye mkwaruzo mwembamba unaofanya hata neno la furaha lionekane limepita mahali pagumu kabla ya kufika. Watu wakimsifu husifu sauti, husifu mashairi, husifu mapenzi anayoyaimba. Ni nadra kumsikia mtu akisifu mikono yake. Na mikono ndiyo iliyotangulia.

Alianza kupiga ngoma akiwa na umri wa miaka 10 hivi. Kabla hajawa sauti, alikuwa mpiga batri, kama wanavyosema Bujumbura na Rumonge wakifuata Kifaransa. Nairobi na Dar es Salaam wangesema mpiga drams. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993, Burundi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kazi ya mwanamuziki anayeishi kwa dansi za usiku ikawa kama haipo tena. Mwaka 1995 Kidum alikimbilia Kenya. Mtu anayekimbia vita hawezi kubeba batri mgongoni, na hakuhitaji kuibeba. Nairobi ilikuwa na bendi nyingi za kumbi na hoteli zenye vyombo vyake tayari, na ujuzi wa kuviketi ulikuwa mikononi mwake.

Sauti ikaja mbele baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wimbo wake Yaramenje uliwafikia Warundi wa ndani na wa kambini, ukapokelewa kama wimbo wa amani, wakati Makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000 yalikuwa yameshatiwa saini lakini bunduki hazijanyamaza. Ukafuata Shamba. Zikaja nyimbo za kushirikiana zilizomweka katika kila nyumba: Haturudi Nyuma akiwa na Juliana Kanyomozi wa Uganda, Nitafanya akiwa na Lady Jaydee wa Tanzania. Mwaka 2012 akapata tuzo ya Kora. Katika safari hiyo yote, picha iliyosambaa ni ya mtu aliyesimama na kipaza sauti, na batri ipo nyuma yake, mbali, imekaliwa na mtu mwingine.

Swali la makala haya linaanzia hapo. Je, kipaji cha kwanza cha mwimbaji kama huyu kilipotea alipoinuka kwenye kigoda, au bado kinafanya kazi ndani ya sauti yake na sisi ndio tusiokisikia?

Jibu linahitaji sikio la taratibu. Anayepiga batri ana kazi nne kwa wakati mmoja. Mguu wa kulia unakanyaga ngoma kubwa ya besi, wa kushoto unafunga na kufungua matoazi mawili yanayotazamana, mkono wa kulia unahesabu juu ya matoazi hayo, na wa kushoto unapasua ngoma ndogo ya snea. Kila kiungo kina mwendo wake, lakini vyote vina mwenye nyumba mmoja, naye ni muda. Mpiga batri hujifunza mapema kwamba pigo linaweza kuwekwa katikati kabisa ya muda wake, au likasukumwa mbele kidogo na wimbo ukaonekana una haraka, au likacheleweshwa chembe na wimbo ukaanza kubembea. Tofauti hiyo haiandikiki kwa urahisi kwenye karatasi. Mchezaji anaisikia nyongani kabla hajaielewa kichwani.

Sasa msikilize Kidum akiimba. Mara nyingi haanzi neno lake pale ngoma inapomkaribisha. Huliacha pigo lipite, kisha huingia nyuma yake, na silabi za katikati huzikata fupi kama anayegonga ukingo wa snea. Penye nafasi ambayo mwimbaji mwingine angeijaza kwa madoido ya sauti, yeye huiacha wazi, besi na ngoma zikaongea. Huyu ni mtu anayejua kilichomo ndani ya kimya hicho kwa kuwa aliwahi kulipwa akijaze. Na anapopandisha wimbo kuelekea mwisho, hapandishi sauti peke yake. Anaongeza idadi ya maneno ndani ya muda ule ule, kama mpiga batri anavyoongeza mapigo kabla ya kugonga toazi kubwa.

Lugha zake mbili zinaufanya ujuzi huu uonekane zaidi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mstari wake una mahali panapotabirika pa kukanyaga. Kirundi kina toni, tena kina irabu fupi na ndefu zinazobadili maana. Ukiivuta irabu isiyotakiwa kuvutwa umesema neno jingine. Mwimbaji anayetoka wimbo wa Kirundi na kuingia wa Kiswahili lazima ahamishe uzito wa mapigo bila kuivunja dansi. Wengi huifanya kazi hiyo kwa kuiburuza lugha ifuate muziki. Kidum huuacha muziki uegemee lugha, na hilo halifanyiki na mtu asiyejua mapigo yako wapi hata akifumba macho.

Linalosikitisha ni kwamba mahali alipozaliwa pangepaswa kuwa pa mwisho duniani kusahau ngoma ya mwimbaji. Kwa Kirundi, ingoma ni ngoma, na ni ufalme pia, na ni zama za utawala wa mtu. Ngoma kuu ya kifalme iliitwa Karyenda, na ufalme wenyewe uliishi ndani ya neno hilo mpaka ulipofutwa Novemba 1966. Ngoma hizo huchongwa kutoka mti uitwao umuvugangoma, jina linalobeba ndani yake tendo la ngoma kutamka. Kule Gishora, karibu na Gitega, vikundi bado vinazipiga kwa mpangilio wa zamani: inkiranya katikati ikiongoza, amashakwe yakishikilia pigo lisilokatika, ibishikizo vikiifuata inkiranya. Mwaka 2014 UNESCO iliitia sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Aliyewahi kuwaona wakiingia uwanjani hasahau. Wanaingia kwa mstari, kila mmoja na ngoma yake kichwani, ngoma nzito ya mti mzima, na wanaipiga huku wanatembea na huku wanaimba. Baadaye huzitua, wakasimama nusu duara, na mmoja mmoja hutoka kuja mbele ya inkiranya kupiga, kuruka, kutamba kwa maneno na kurudi. Nani hapo ni mwimbaji? Nani mpigaji? Nani mchezaji? Swali lenyewe halina mahali pa kushika. Mtu ni mmoja.

Kiswahili nacho kilikuwa hivyo hivyo, na kwa kiasi bado kiko hivyo. Ngoma ni chombo, ngoma ni mchezo, ngoma ni sherehe nzima, na siku hizi kijana akisema msanii fulani ametoa ngoma mpya anamaanisha wimbo, hata kama ndani yake hakuna kiganja kilichogusa ngozi. Bendi kubwa za Dar es Salaam zilijiita kwa majina ya ngoma. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 imepitia majina kadhaa, na leo watu wanaijua kama Msondo Ngoma. DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikajulikana kama Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Magitaa na matarumbeta ndiyo yaliyokuwa mbele ya jukwaa, lakini bendi ilipotaka jina la kujitambulisha ilirudi kwenye ngozi na mti.

Basi nini kilichomtenga mwimbaji na ngoma yake? Kabla ya kujibu, inafaa kuwaona wengine waliopita njia ya Kidum, maana hayuko peke yake.

Wa karibu zaidi ni Awilo Longomba. Kila aliyekuwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1990 katika ukanda huu alicheza Coupe Bibamba, iliyotoka mwaka 1998, na ngurumo yake ilivuka ziwa kutoka Kongo kama mvua. Wachache wanakumbuka kwamba mtoto huyu wa Vicky Longomba, mmoja wa waimbaji wa OK Jazz, alikuwa mpiga batri kwa miaka mingi. Alikaa nyuma ya Viva la Musica ya Papa Wemba, akapiga Loketo, akapiga na bendi nyingine kabla ya kutoa albamu yake ya kwanza, Moto Pamba, mwaka 1995. Ukilijua hilo, muziki wake unabadilika masikioni. Zile amri fupi fupi anazowatupia wachezaji, pale anapositisha kila kitu na kukirudisha kwa neno moja, ni mazoea ya mpiga batri anayeshika mlango wa sebene: yeye ndiye hujua lini uimbaji umetosha na magitaa yaachiwe.

Na sebene yenyewe ina baba asiyetajwa. Mapema miaka ya 1970, Meridjo Belobi wa bendi ya Zaiko Langa Langa alileta mtindo wa mapigo uliokuja kuitwa cavacha, ule mwendo wa snea usiotulia unaokwenda kama treni. Na inasimuliwa kwamba ulitokana kweli na mlio wa treni. Ndani ya miaka michache cavacha ilikuwa Nairobi na Dar es Salaam, na kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kupata rekodi ya dansi ya Afrika Mashariki isiyokuwa nayo. Mtu mmoja mwenye vijiti viwili alibadilisha mwendo wa miguu ya nusu ya bara. Waulize waliozeeka wakiicheza cavacha wakutajie waimbaji 10 wa Kongo. Watakutajia bila kupumua. Kisha waulize jina la huyo mpiga batri.

Remmy Ongala naye alizaliwa ng'ambo hiyo, Kindu, mwaka 1947. Tanzania inamkumbuka kama Dokta, mtetezi wa wanyonge mwenye sauti ya kuhubiri na gitaa lake mbele ya Super Matimila. Lakini katika bendi zake za kwanza huko Kongo, miaka ya 1960, alikuwa anaimba na kupiga ngoma. Nyimbo zake ndefu, zinazorudia tamko moja mpaka liingie damuni, zina subira ya mtu aliyezoea kulishika pigo moja kwa dakika nyingi bila kuchoka na bila kulipamba ovyo.

Hakuna, hata hivyo, mfano unaofundisha zaidi ya Fatuma binti Baraka, Bi Kidude. Alifariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013, akiwa bibi ambaye umri wake ulikuwa umeshageuka kuwa simulizi. Wengi walimhesabia miaka 100 au zaidi. Dunia ilimpa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na ikamwita malkia wa taarabu, mrithi wa Siti binti Saad. Yote hayo ni haki yake. Lakini katika mitaa ya Unguja wapo wanawake ambao kwao Bi Kidude kwanza ni ngoma ya unyago. Ni somo aliyewafunda walipovunja ungo, na aliyewafunda kwa mikono.

Ngoma aliyoipiga huko ni msondo, ngoma ndefu nyembamba inayofika karibu na kiuno cha mtu. Bibi hakuikalia. Aliifunga kwa kanga kiunoni, akaisimamisha katikati ya mapaja, akaipiga amesimama, mwili wote ukienda nayo. Kiganja kikilala katikati ya ngozi mlio unatoka tumboni mwa ngoma. Vidole vikigusa ukingo mlio unapasuka. Juu ya hapo anaimba, anauliza na kujibiwa na wanawake waliomzunguka, anatania, anafundisha mambo ya ndoa na mwili ambayo hayasemwi mbele ya wanaume. Kufanya hivyo ukiwa na miaka 30 ni kazi. Yeye alikuwa akifanya hivyo jukwaani akiwa bibi kizee, mbele ya umati wa tamasha la Sauti za Busara, na vijana wa nusu ya nusu ya umri wake walikuwa wakichoka kumtazama.

Kwa nini basi taarabu ndiyo iliyompa jina na msondo ukabaki nyuma? Sehemu ya jibu ni heshima. Unyago ni wa wanawake na una siri zake, na siri ikilindwa vizuri haipati waandishi wa magazeti. Sehemu nyingine haina heshima yoyote. Taarabu ina ukumbi, ina viti, ina fidla na kanuni, ina mashairi yanayoweza kuchapwa. Ngoma ya mwanamke aliyesimama pekupeku ilihesabiwa kuwa mila tu, kitu ambacho kila bibi anacho. Waliosikia sauti yake ikipasua katikati ya fidla bila kupotea hata nukta moja walisema ana kipaji cha kuzaliwa. Hawakusema kwamba amefanya mazoezi ya mapigo kwa miaka mingi kila palipokuwa na mwari wa kufundwa.

Burundi ina jambo lake la kujiuliza hapa. Amri ya Rais ya Oktoba 2017 kuhusu ngoma ya kitamaduni inawazuia wanawake kuipiga. Wapo wanaoitetea kwa sababu za asili, na asili ni jambo la kuheshimiwa. Lakini binti wa Kigwena mwenye mikono ya Bi Kidude akizaliwa leo, ngoma kubwa ya nchi yake hataipiga. Itabidi apitie batri ya kanisani au ya bendi, au abaki na kidumu. Hiyo ni hasara kwa muziki wa Burundi, na ni afadhali isemwe wazi.

Kutengana huku kwa sauti na ngoma hakujatokea Afrika peke yake. Marekani walikuwa na Karen Carpenter, ambaye sauti yake ya chini, laini, iliwatoa watu machozi miaka ya 1970. Alijiita mpiga drams anayeimba. Alianza kupiga akiwa sekondari huko Downey, California, na alipenda kukaa nyuma ya vyombo vyake. Kadiri nyimbo zilivyopanda chati, ndivyo alivyosukumwa asimame mbele. Kwenye wimbo uliowafungulia mlango yeye na kaka yake mwaka 1970, Close to You, aliyepiga ni Hal Blaine, fundi wa studio. Mwaka 1975 wasomaji wa jarida moja la huko walimpigia kura kuwa mpiga drams bora wa mwaka, mbele ya John Bonham wa Led Zeppelin. Alifariki Februari 1983 akiwa na miaka 32. Marvin Gaye naye alipiga drams Motown kabla ya kuwa Marvin Gaye. Stevie Wonder alipiga mwenyewe drams za wimbo wake Superstition.

Tena kuna mkasa unaohusu Burundi moja kwa moja. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi ngoma za Warundi kwa ajili ya lebo ya Ocora. Mlio huo ulisafiri: mwaka 1971 ulitiwa piano na magitaa na kuuzwa Ulaya kwa jina la Burundi Black, mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada aliuweka chini ya sauti yake katika The Jungle Line, mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikundi vya vijana wa London vilijenga mtindo mzima juu yake. Mwaka 1982 wapigaji wa Burundi wenyewe walialikwa katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza. Katika mlolongo wote huo, jina la mwimbaji au la bendi liko juu ya jalada, na wapigaji wanaitwa kwa jina la nchi yao. Hawakuwa nchi. Walikuwa watu, kila mmoja na ngoma aliyoichagua na mkono wake unaotambulika na wenzake.

Sababu za mpigaji kusahauliwa, basi, ni zaidi ya moja, na zote zinagusa Rumonge kama zinavyogusa Nairobi.

Ya kwanza ni jukwaa. Batri ni nzito, ina sauti kubwa, huwekwa nyuma ili isiwafunike wengine, na anayeipiga ameketi. Taa na kamera humfuata aliyesimama. Mwenye bendi anayejua kupiga na kuimba hulazimika kuchagua, na soko humchagulia: huwezi kuwashika mkono mashabiki ukiwa umezungukwa na matoazi.

Ya pili ni studio. Kuanzia miaka ya 1990, na zaidi wakati wa Bongo Fleva, mapigo yalihamia kwenye kompyuta. Prodyuza hutengeneza biti peke yake usiku, mwimbaji huja asubuhi kutia sauti. Ni kazi ya ustadi, na imetoa nyimbo nzuri mno. Lakini imefuta ile hali ya kwamba kijana akitaka kuimba lazima kwanza ajifunze chombo ili apate nafasi ndani ya bendi, njia ile ile aliyoingilia Kidum. Ndiyo sababu anapopanda na bendi kamili, na yeye ni mtu wa muziki mubashara hasa, tofauti inasikika hata kwa asiyejua kuieleza. Anawageukia wapigaji wake na kuwapa ishara kwa bega au kwa mguu, nao wanajua anataka nini, maana anazungumza lugha yao.

Ya tatu ni sheria, na ndiyo isiyozungumzwa. Haki za mtunzi, hapa kwetu kama kwingineko, hukaa juu ya maneno na melodia. Mwenye shairi na mwenye melodia wanaandikwa katika ofisi ya haki za watunzi, iwe OBDA ya Burundi au COSOTA ya Tanzania. Pigo la ngoma, hata likiwa ndilo lililoubeba wimbo, kwa kawaida halina mwenyewe. Cavacha ingekuwa melodia, Belobi angekuwa tajiri. Kwa vile ilikuwa pigo, ikawa ya kila mtu.

Pana hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Si kila mwimbaji aliyewahi kushika vijiti ni mpigaji mkubwa, na mapenzi ya mashabiki hutia chumvi. Ushahidi wenyewe mara nyingi ni mchache: Karen Carpenter aliachiwa kupiga kwenye baadhi tu ya rekodi zake, na Kidum amejulikana kwa nyimbo ambazo msikilizaji wa kawaida hawezi kumtambua aliyekaa kwenye batri. Kumpa mtu sifa kwa kitu kisichosikika kungekuwa ukarimu usio na msingi. Lakini hoja hii inasahau kwamba upigaji hausikiki kwenye ngozi ya ngoma tu. Aliyejifunza muda kwa mikono akiwa na miaka 10 haupotezi anapofungua kinywa. Mwacheni Kidum aimbe bila chombo chochote, kwa kupiga makofi tu, na batri itasikika.

Kwa hiyo hukumu ya makala haya ni kwamba Kidum ni mpiga batri aliyehamishia kazi yake kooni, na kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokipenda tukidhani ni sauti ni upigaji. Awilo ni hivyo hivyo. Bi Kidude alikuwa hivyo zaidi ya wote, kwa kuwa yeye hakuhama. Alivifanya vyote viwili kwa wakati mmoja mpaka uzeeni, kama wanavyofanya wapigaji wa Gishora na kama wanavyofanya watoto wa Kigwena juu ya kidumu.

Kuna mambo mawili yanayoweza kuanza kufanyika bila gharama. Watangazaji wa redio za Rumonge na Bujumbura, mnapotaja jina la mwimbaji baada ya wimbo, tajeni na la mpiga batri. Mkiwa hamlijui, muulizeni msanii akija studio. Na wewe unayeandaa harusi au tamasha hapa ufuoni na umebahatika kumleta Kidum, muombe kabla ya usiku kwisha aketi kwenye batri kwa wimbo mmoja, mtu mwingine aimbe. Msogeze mpiga batri wa bendi pembeni kwa dakika 5, washeni taa za nyuma, na watoto wakae mbele.